Pikapu iliyopanda kila kilima cha theluji ikashindwa kusimama kwenye taa: uchambuzi wa kisa cha kuchagua matairi ya baridi

Hali ilivyokuwa

Mwenye gari tumwite Fundi, kwa sababu kazi yake ni ufundi wa majengo na gari lake ni gari la kazi. Jina, mji na alama zozote za kumtambulisha nimeziacha, yamebaki yale tu yanayofundisha.

Anaishi sehemu yenye baridi ya kweli, miezi mingi ya mwaka theluji ipo chini, ila sio ile baridi kavu ya kuganda moja kwa moja hadi msimu uishe. Huko joto linachezacheza karibu na sifuri, mchana theluji inayeyuka kidogo, usiku inaganda tena, asubuhi barabara imekuwa kioo. Naomba hili ulishike kichwani unavyosoma maana ndo lililoamua kila kitu baadae.

Gari lenyewe ni pikapu kubwa ya kebini ya milango minne, fo-wili ya kuwasha kwa swichi, ina ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga kwa nguvu. Matairi yaliyotoka nayo kiwandani yalikuwa ya saizi 275/65R18 yenye namba ya uzito 116 (sio kilo, ni msimbo wa mzigo ambao tairi linaweza kubeba), na kibandiko cha mlangoni kinasema upepo psi 35 mbele na nyuma. Anabeba sanduku la vifaa lenye kilo 200 hivi, na siku mojamoja anavuta tela dogo la vifaa vya ujenzi lenye tani moja na nusu likijaa. Jioni sanduku analishusha, kwa hiyo safari nyingi za asubuhi na usiku pikapu inatembea tupu kabisa nyuma.

Utupu huo una uzito wake kwenye hii hadithi. Injini, giaboksi, kebini, vyote viko mbele, bodi ya nyuma ni bati na hewa. Pikapu tupu inaegemea mbele zaidi, ekseli ya nyuma imebaki nyepesi, na tairi lisilo na uzito juu yake halina cha kuling'ang'aniza chini. Ndo maana pikapu tupu kwenye utelezi inapepesuka mkia haraka kuliko gari dogo la kawaida, hata kama mtu amekaa juu anajiona yuko kwenye gari kubwa imara.

Alichonunua kwanza, na alikuwa na sababu

Kabla ya msimu matairi ya kiwandani yalikuwa yamekaribia kipara. Fundi akataka seti moja ya mwaka mzima, asihangaike kubadilisha badilisha. Akachukua matairi ya kila ardhi, yale yenye kashata (vinundu vya raba vinavyokanyaga barabara) kubwa kubwa, saizi ileile ila ya daraja la LT, matairi ya magari ya mizigo, load range E, yaani tairi la mizigo mizito lenye ubavu mgumu. Na ubavuni lilikuwa na alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani.

Hii alama ndo ilimpa moyo, na sio yeye peke yake, wengi sana wenye pikapu wananunua kwa kuangalia hiyo alama halafu wanafunga mjadala. Kwa hiyo tuielewe vizuri.

Kuna alama mbili zinazochanganywa. Moja ni M+S, matope na theluji. Hiyo inasema tu kwamba kashata zimepangwa kwa umbo fulani lenye nafasi kati yake, hakuna jaribio lolote la barabarani ambalo tairi limelazimika kulipita, mtengenezaji mwenyewe ndo anaiandika. Ujerumani kwa mfano tangu Oktoba 2024 tairi lenye M+S peke yake halihesabiki tena kama tairi la baridi. Ya pili ni hiyo ya mlima na chembe ya theluji, hii ina jaribio nyuma yake, ilianza Marekani ya Kaskazini mwaka 1999. Lakini jaribio lenyewe linapima nini? Linapima tairi linavyovuta kwenye theluji iliyoshindiliwa, likilinganishwa na tairi la kipimo, linatakiwa lizidi kwa asilimia 10 au zaidi. Ulaya kuna njia ya kupima breki pia, ila nayo ni kwenye theluji. Barafu haimo.

Kwa hiyo alama ile haidanganyi, inajibu swali lake vizuri tu. Shida ni kwamba Fundi alikuwa na swali lingine na hakujua.

Jambo jingine la mwanzo: gereji iliyomfungia matairi ilijaza psi 65, kwa hoja kwamba haya ni ya mizigo, yanataka upepo mwingi. Akaondoka hivyohivyo.

Mambo yalivyokwenda

Theluji ya kwanza ilikuja nyingi, na pikapu ilipendeza. Ilipanda njia ya kilima kwenda kwenye nyumba aliyokuwa anajenga, magari mengine yamekwama pembeni, yeye anapita. Kashata kubwa zinafinya theluji ndani ya nafasi zake, na theluji inashikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na raba, hiyo ni kweli kabisa na matairi ya kila ardhi yanaifanya vizuri. Baada ya siku kadhaa za hivyo akawa na imani na gari, spidi ikaanza kupanda kidogo kidogo bila yeye kuona.

Halafu ikaja siku ya mvua iliyonyesha juu ya ardhi iliyoganda, joto nyuzi moja hivi chini ya sifuri. Anateremka mteremko mdogo kwenda kwenye makutano yenye taa, spidi 40 au 50, bodi tupu, fo-wili imewashwa. Taa ikawa nyekundu akiwa na nafasi ambayo kwa hesabu ya kawaida ingetosha na kubaki. Akakanyaga breki, ABS ikaanza kutetemesha pedali, na gari likaendelea kwenda kana kwamba hajakanyaga kitu. Akakata usukani, halikukata. Likavuka makutano yote na taa nyekundu, kwa bahati hakukuwa na mtu wala gari linalopita, likagonga ukingo wa barabara upande wa pili kwa tairi la mbele. Rimu ikapinda. Hakuna aliyeumia.

Watu wakisikia hii wanasema alikuwa anakimbia. Piga hesabu uone. Lami kavu ukichukua msuguano wa 0.8, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linahitaji mita 12 hivi kusimama tangu breki zishike. Barafu yenye maji juu, chukua 0.1, unahitaji mita karibu 98. Gari lilelile, breki zilezile, dereva yuleyule. Na fo-wili hapo haina msaada wowote, kwa sababu kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne tayari, fo-wili inagawa nguvu ya kwenda, haiongezi hata chembe ya nguvu ya kusimama. Pikapu ilikuwa imemfundisha kwa wiki nzima kwamba inaweza kwenda, na yeye akaelewa kwamba inaweza pia kusimama.

Kutafuta chanzo kabla ya kununua tena

Hapa ndo nilipoingia mimi kushauri, na kitu ambacho nafurahi Fundi alikubali ni kutokimbilia dukani siku ileile. Washukiwa walikuwa watatu: upepo wa psi 65, bodi tupu, na raba yenyewe. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hujui kilichokuponya, na kesho ukija kubana matumizi unaweza kukata kilekile kilichokuwa kinafanya kazi.

Tukaanza na upepo. Wengi hapa wanapotea kwa pande mbili, mmoja anajaza mpaka namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, mwingine anarudi kwenye kibandiko cha mlangoni anaweka 35 kwenye tairi la LT. Wote wamekosea. Namba ya ubavuni ni ya tairi likiwa limebeba mzigo wake wa mwisho, load range E hiyo ni psi 80 na kwa saizi hii kilo 1550 kwa tairi moja, ambazo pikapu hii haifiki hata ikijaa. Namba ya mlangoni nayo iliandikwa kwa tairi la aina ya kiwandani. Tairi la kiwandani namba 116 ni kilo 1250, likifungwa kwenye pikapu viwango vya Marekani ya Kaskazini vinataka ugawanye kwa 1.10, unabaki na 1136 hivi, kwa psi 35. Tairi la LT la saizi hiyohiyo ili libebe kiasi hicho linataka kama psi 50, hapo linabeba 1150. Kwa hiyo jibu lilikuwa 50, sio 65 wala 35. Ukizidisha, tairi linasimama kwenye tumbo lake la katikati, pembeni zinaelea, na gari tupu linadundadunda. Ukipunguza mno ubavu unajikunja na kupata moto.

Tukashusha hadi 50, tukaenda kwenye eneo la maegesho lililokuwa tupu, lenye barafu laini, spidi ndogo, tukajaribu breki. Ilisaidia, gari lilitulia zaidi, ila umbali wa kusimama ulipungua kidogo tu. Kisha tukaweka mifuko ya mchanga nyuma. Mkia ukaacha kupepesuka, hiyo tofauti ilikuwa kubwa na inaonekana kwa macho, lakini umbali wa kusimama haukubadilika kwa maana, kwani uzito ukiongezeka msuguano unaongezeka na mzigo wa kusimamisha nao unaongezeka.

Ikabaki raba. Matairi ya kila ardhi yanatengenezwa yasikatike kwenye mawe, raba yake ni ngumu, na baridi inaiongezea ugumu. Chini ya nyuzi 7 hivi raba ya kawaida inaanza kukakamaa, ya tairi la baridi ina silika nyingi na mchanganyiko unaoiacha laini hata chini ya sifuri. Afu kashata kubwa zina mikato michache ile myembamba kama ya wembe. Mikato ile ndo kazi yake barafuni: barafu karibu na sifuri ina utando wa maji juu, ule utando ndo unaotelezesha, mikato inaunyonya na kingo zake zinakwangua. Tairi lenye kashata nzuri za kutisha lakini lisilo na mikato linakalia maji na kuteleza juu yake.

Maamuzi

La kwanza lilikuwa ni misumari au bila misumari. Matairi ya misumari barafuni ni wakali, hasa barafu ya karibu na sifuri ambayo ndo iliyomtesa Fundi, kwa hiyo hoja yake haikuwa nyepesi. Ila yeye kilomita nyingi anatembea kwenye barabara kuu iliyosafishwa na kumwagwa chumvi, lami tupu imelowa au kavu, na hapo msumari unapiga kelele, unakula barabara na unashika lami kidogo kuliko raba. Sheria nazo zinatofautiana, nchi za Skandinavia zinaruhusu kwa msimu, Ujerumani imezuia karibu kote, kwa hiyo mtu aangalie kwake kwanza. Angekuwa anaishi mwisho wa barabara ya kijijini isiyomwagwa chumvi ningemwambia achukue misumari, na aendeshe taratibu kilomita 500 za mwanzo ili misumari ikae vizuri. Kwa njia zake tukaenda na yasiyo na misumari, ya raba laini.

La pili ndo lililokuwa na mabishano: LT au la kawaida. Kila aliyeulizwa alisema pikapu inataka LT. Fundi mwenyewe alitaka LT. Mimi nikasema tusome kibandiko kwanza. Ekseli ya nyuma mwisho wake ulikuwa kilo 1900. Matairi mawili ya kawaida ya namba 116 yanabeba 2272 hata baada ya kugawa kwa 1.10. Sanduku kilo 200, tela likijaa linakandamiza ndoano kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, yaani 150 hadi 225, bado tuko ndani na nafasi ipo. Sasa kwa nini ubebe ubavu mgumu wa tani nyingi usizozitumia? Tairi la kawaida la baridi lina kashata zenye mikato mingi zaidi, ubavu unakubali kujikunja kidogo na kulala barabarani hata bodi ikiwa tupu, na unarudi kwenye psi 35 ya kibandiko bila hesabu za kichwani. Angekuwa anabeba tofali au anavuta tela zito kila siku jibu lingegeuka, LT ya baridi zipo na ni nzuri kwa kazi hiyo. Namba ya uzito tu ndo huwezi kushuka chini ya ile ya kiwandani bila kujua unachofanya. Herufi ya spidi ni tofauti, tairi la baridi mara nyingi lina herufi ya chini kidogo, Q ni kilomita 160 kwa saa, inatosha kabisa kwa mtu mwenye akili barabarani wakati wa theluji.

Saizi. Kuna wazo zuri la kupunguza upana, tairi jembamba linachana theluji na ule uji wa theluji mpaka chini badala ya kuelea juu. Tulipiga hesabu ya 255/75R17, kipenyo chake ni milimita 814, cha 275/65R18 ni 815, spidomita haijui hata kama umebadilisha. Ila rimu ya inchi 17 lazima ipite juu ya breki bila kugusa, na faida yake kubwa iko kwenye theluji ya kina na uji, wakati ugonjwa wetu ulikuwa barafu, na theluji ya kina gari lilikuwa linaimudu tayari. Tukabaki na saizi ya kiwandani. Kwa njia zingine ningebadilisha jibu.

Manne au mawili? Hili halikuwa na mjadala ingawa kuna aliyemshauri aweke mawili tu nyuma kwa kuwa nyuma ndo kwepesi. Raba laini nyuma na ngumu mbele, usukani hautii. Ukiweka kinyume chake, laini mbele na ngumu nyuma, mbele kunashika nyuma kunateleza, gari linazunguka katikati ya kona. Na kwenye fo-wili matairi yenye mzunguko tofauti yanapigana ndani ya giaboksi ya pili, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, mpaka kitu kinavunjika. Manne, aina moja, wakati mmoja.

Mwisho rimu. Kwa kuwa moja ilishapinda akanunua nne za chuma za kawaida kwa ajili ya baridi tu, zenye matundu ya nati, kina na tundu la kati sawasawa na za kiwandani, na sensa za upepo zikawekwa humo. Kung'oa tairi kwenye rimu mara mbili kila mwaka kunaumiza midomo ya tairi na kunakula muda, rimu za pili unafunga mwenyewe uwanjani. Kabla hajalipa tukasoma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, zilikuwa za mwaka uleule.

Matokeo

Tulirudi kwenye eneo lilelile la maegesho, barafu ya aina ileile, joto la karibu sawa. Fundi alihesabu kwa hatua za miguu na tofauti haikuhitaji rula, gari lilisimama mapema kwa wazi kabisa na muhimu zaidi lilikubali kugeuka wakati breki imekanyagwa. Msimu wote uliobaki hakuvuka taa tena. Kwenye theluji ya kina alisema pikapu imepoteza kidogo ule ubabe wa kashata kubwa, kilima cha kwenye ujenzi siku mbili tatu kilimpa kazi na mara moja alitumia minyororo, alishahakikisha kwenye kitabu cha gari kwamba saizi yake inaruhusiwa kufungwa minyororo, sio kila pikapu ina nafasi hiyo. Hasara hiyo aliikubali bila kinyongo, kukwama kwenye kilima unachelewa kazini, kupita taa nyekundu ukiteleza ni habari nyingine.

Yaliyofanya kazi

Kupima kitu kimoja kimoja ndo kulikookoa pesa na mabishano. Bila lile jaribio la upepo angeshusha psi, angeona nafuu kidogo, na angejiaminisha tatizo limeisha. Na bila jaribio la mchanga angeamini uzito ndo dawa, maana gari lenye mchanga linahisi kama limepona, mkia umetulia, dereva ametulia, kumbe umbali wa kusimama ni uleule. Hii ya kuhisi ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu utulivu wa mkia unamwongezea mtu spidi.

Kuanza na barabara anayopita badala ya kuanza na tairi nako kulisaidia. Fundi alitakiwa aandike wiki moja ya safari zake, wapi kuna lami, wapi kuna changarawe, wapi anasimama kwenye mteremko. Orodha ilipokamilika ikaonekana kilima kilichomfanya anunue kashata kubwa ni sehemu ndogo sana ya safari zake, na makutano yenye mteremko anayapita kila siku asubuhi na jioni.

Yaliyoshindwa

Mchanga. Mifuko minne ya kilo 30 iliwekwa juu ya ekseli kuelekea kebini, mahali sahihi, nyuma kabisa karibu na mlango wa bodi ungeinua pua ya gari. Lakini haikufungwa. Breki moja kali na mifuko ikateleza mbele ikagonga sanduku la vifaa, ingekuwa ajali yenyewe mifuko ingegeuka silaha. Baadae ikafungwa kwa mikanda. Halafu mchanga wenyewe ulikuwa na unyevu, ukaganda ukawa jiwe, siku alipotaka kumwaga kidogo chini ya tairi haukutoka. Uwe mkavu na mfuko usiopitisha maji.

Upepo tena, safari hii kwa upande mwingine. Alijaza psi 35 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20, akatoka nje kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Upepo unapungua kama psi moja kwa kila nyuzi 5 na nusu, kwa hiyo alikuwa anatembea na 28 kwa siku nyingi. Taa ya dashibodi haikuwaka. Watu wengi hawajui kwamba taa hiyo kwa kanuni za Marekani inalazimika kuwaka tairi likishuka asilimia 25 chini ya kibandiko, kwa psi 35 hiyo ni 26 hivi, kwa hiyo kati ya 28 na 26 uko gizani. Na wakati ule wa LT ilikuwa mbaya zaidi, tairi linalotakiwa kuwa na 50 lingeweza kushuka mpaka 30 taa ikiwa kimya, maana yenyewe inajua 35 tu. Geji ya mkononi, asubuhi, gari limelala nje, hiyo ndo namba ya kweli.

Nati. Rimu mpya za chuma zina rangi, nati zikibana rangi inalala na mshiko unalegea. Kitabu cha gari kinaeleza kukaza upya baada ya kilomita 100 hivi, Fundi alipitiliza, na alipokuja kupima kwa spana ya kipimo gurudumu moja la nyuma nati zake tatu zilizunguka. Zikakazwa zikatulia, lakini hili sikulipenda hata kidogo, tumehangaika mwezi mzima na raba na kilichokaribia kumuua ni dakika kumi za spana.

Na la mwisho, kuchelewa kuyatoa. Theluji ilipoisha yalibaki kwenye gari wiki nyingi, lami kavu, nyuzi 15 mpaka 20, na tela linavutwa. Raba laini kwenye lami ya joto inaisha kwa kasi na breki yake inarefuka. Yalianza na kina cha milimita 9 na nusu, mbele yalibaki 8, nyuma 7 na nusu, na sehemu ya huo upungufu ni ya hizo wiki za mwisho ambazo hazikuwa na faida yoyote. Sheria sehemu nyingi zinaruhusu mpaka milimita 1.6, lakini kwenye theluji tairi linaanza kupoteza kazi yake mapema sana kuliko hapo, Austria wanataka 4 kwa tairi la baridi na mimi ningekubaliana nao. Kwa hesabu hiyo Fundi ana misimu miwili mizuri mbele yake, pengine mitatu akiyatoa kwa wakati.

Sasa hivi yamelala kwenye stoo yenye giza, yameoshwa chumvi, kila moja limeandikwa kwa chaki lilikuwa wapi ili ya nyuma yaende mbele msimu ujao na mshale wa mzunguko usigeuzwe. Yale ya kila ardhi yamerudi kwenye gari kwa kazi ya kiangazi, na upepo wake ni psi 50.